Kiwavi wa Kitanda cha Harusi

Mwaka ule misafara ya pembe ilipojazana Bagamoyo hata mbwa wakakosa pa kulala, Mbaruk alioa mke wa pili. Bi harusi kuketishwa tu kitandani, akaruka. Akajikuna shingo, akajikuna mgongo. Akajikuna mpaka mbuzi waliofungwa uani, kwa kumtazama tu, nao wakaanza kujisugua ukutani.

"Upupu!" akapiga kelele Zeyana, dada yake Mbaruk. "Kautia mke mkubwa, kwa wivu wake!"

Mke mkubwa, Mwanajuma, alikuwa jikoni anapakua pilau ya wageni. Kabla hajafuta mikono, Zeyana alikwishalitupa furushi lake la nguo barazani, na Mbaruk anasema, "Ukikosa la kujitetea, leo unarudi kwenu Saadani na talaka yako."

Damu ikamchemka Mwanajuma. Pilau kaipika yeye, mkeka wa bi harusi kausuka yeye, halafu afukuzwe kama paka mwizi!

"Upupu, masika haya? Maganda yake bado mabichi huko porini, hayamwashi hata nyani! Nipisheni."

Akaingia chumbani na mwiko wake. Kitanda kilitapakaa maua ya mkadi. Zeyana aliyafuata mwenyewe kule vichakani, akamkataza kila mtu asiyakung'ute, ati yatapoteza harufu. Mwanajuma akayafunua moja moja kwa ncha ya mwiko. Ndani ya ua la tatu kajikunja mdudu mnene kama kidole gumba, manyoya yamemsimama kama ndevu za mzee aliyekatizwa usingizi.

Akatoka naye barazani, juu ya mwiko. "Upupu wenu huu hapa, una miguu! Kiwavi, katoka kwenye maua yako, wifi."

"Kadudu tu hako," Zeyana akabetua midomo. "Hakana neno."

"Hakana neno? Basi lete mkono nikuwekee."

Zeyana akaficha mikono yote miwili chini ya mtandio. Wageni wakaangua kicheko.

Mbaruk akakohoa. "Basi, mke wangu, yamekwisha. Chukua furushi lako uingie ndani."

"Nilichukue mimi? Kwani nililitoa mimi?"

Akaketi mlangoni, mwiko mkononi. Pilau inapoa, wageni wanameza mate, hapakuliwi mtu. Mwisho Zeyana akainama, akalinyanyua furushi.

"Taratibu, wifi," akasema Mwanajuma. "Na safari hii, likung'ute kwanza."