Doti Iliyotoka Nje ya Karatasi

Khavere, karani wa takwimu za afya, alikuwa ametazama doti za mchoro wake siku tatu mfululizo mpaka zikaanza kumfuata nje. Mchana ule, alipokatiza soko la Jericho, aliziona zikielea juu ya mabati, moja kwa kila kliniki ya uzazi, bila haraka yoyote ya kutua. Hakushangaa. Alizipisha tu, akashika njia ya Ziwani.

Doti moja ndiyo iliyomnyima raha, ya Sista Adhiambo. Kwenye orodha ya ofisi, kliniki yake ya vitanda vinne huko Ziwani ilikuwa ya mwisho kabisa: vichanga watano wamekufa kati ya sitini. Ijumaa, bosi Gitonga angeifunga wodi hiyo ya kujifungulia. Lakini orodha, jamani, ni mbea mbaya! Haikwambii kwamba penye watoto wachache, bahati mbaya moja tu inatikisa hesabu nzima. Ndiyo maana Khavere alichora faneli, kama ile ya kumiminia mafuta ya taa, ila imelazwa ubavu: mistari miwili iliyoachana sana penye kliniki ndogo, ikikaribiana kadiri watoto wanavyoongezeka. Doti ikiwa ndani, huenda ni bahati tu. Ikipanda ikatoka nje, vifo vimezidi, kuna jambo. Na ya Adhiambo, pamoja na nafasi yote ile, ilikuwa imetoka.

"Kuna nini, Sista?" Khavere aliuliza alipofika.

Adhiambo, mwanamke asiye na mchezo, alifungua rejista. "Hawa watatu walizaliwa hapa, wakanifia mikononi. Hilo ni langu, nitalibeba. Hawa wawili walizaliwa nyumbani, huko Mathare. Waliletwa ndani ya leso, wameshapoa."

"Weee! Mbona basi ukawaandika kama wako?"

"Kwingine walikataliwa. Eti fomu haina mahali pao. Mtu abebe mimba miezi tisa, halafu mtoto asiandikwe popote? Nikawauliza mama zao majina. Huyu Okoth, kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Huyu Mutheu, jina la nyanya yake."

Moyo wa Khavere uliruka kwa furaha. "Basi umepona, Sista! Tukiwafuta hawa wawili, doti yako inarudi ndani."

"Hufuti mtu hapa."

"Wodi itafungwa!"

"Ifungwe, msichana wangu. Niliwaahidi mama zao."

Kichwa kigumu namna gani! Khavere alitoka pale amekasirika, machozi yakimlengalenga. Jua lilikuwa limelainika, redio zikiimba madirishani kwa mbali kama ndani ya usingizi. Doti zikamfuata tena, na safari hii aliona kwamba kila moja ina paa lake chini. Isipokuwa moja, ndogo, iliyoelea juu kuliko zote, na chini yake hapana kitu. Alisimama katikati ya njia akiikodolea macho, mpaka mwenye mkokoteni akampigia kelele asonge, ama amezaliwa hapo?

Ijumaa alibandika mchoro ukutani. Rejista hakuigusa. Kila kliniki aliihesabia waliozaliwa chini ya paa lake tu. Okoth na Mutheu aliwapa doti yao wenyewe: wamezaliwa wawili, wamekufa wawili. Ilikwenda juu mno hata karatasi haikutosha. Aliunga ya pili kwa selotepu, akaunga ya tatu, akamalizia amesimama juu ya kiti.

Gitonga aliutazama mchoro kwa muda mrefu. "Ya Ziwani iko ndani," alikubali. "Wodi ibaki, tutaifuatilia." Kisha macho yake yakapanda, yakapanda, hadi karibu na dari. "Na hii? Miaka yangu yote sijaona kliniki mbaya hivi! Iko wapi?"

"Mathare, bwana."

"Inaitwaje? Naifunga leo hii."

"Huwezi kuifunga," alisema Khavere. "Bado haijajengwa."