Mia Saba Gawa kwa Saba

Saa moja na nusu asubuhi mwendesha boila wa kiwanda cha kufulia alitundika koti kwenye msumari, akafungua vifungo viwili vya shati ili kioo cha geji ya kifuani kipate hewa. Geji hiyo ya kupimia presha ilimea kifuani mwake wiki ya pili baada ya kumzika mkewe. Ilikuwa na duara mbili za namba: ya nje pauni, ya ndani kilopaskali. Daktari aliipangusa ukungu, akamwandikia dawa ya kupaka. Wapiga pasi, ambao marehemu alikuwa mwenzao, walimshauri tu asilalie tumbo.

Mkewe alikufa boila la zamani lilipopasuka. Kibati cha maelezo cha boila hilo kilisema presha isizidi 700. Geji ya ukutani ilisoma 250. Wakubwa, ambao kazi yao ni kusaini, wakaona mia saba bado iko mbali, wakaagiza moto uongezwe. Kisha wakaandika ripoti: uzembe wa mpiga pasi.

Boila jipya lililetwa na kibati kilekile na geji ya ukutani ya aina ileile. Siku hiyo mashuka yalikuwa mengi, na meneja alitaka 200.

"Chochea, mzee. Hata nusu ya mia saba hatujafika."

Ukutani ilikuwa 120. Mwendesha boila aliweka kiganja kwenye boila, sindano ya kifuani ikapanda. Siku zote alisoma duara moja moja, kama saa mbili za nyumba mbili. Leo alizisoma pamoja. Alikuwa ameishia darasa la nne, lakini jedwali la saba walishalifika.

"Bi Kunyanzi," alimwita mpiga pasi mkuu, aliyepewa jina hilo kwa kuyachukia makunyanzi. "Njoo unisomee kifua."

"Mbele za watu, shemeji?"

"Mbele za watu ndiyo vizuri."

Bi Kunyanzi akavaa miwani. "Nje, pauni mia na ishirini. Ndani, kilopaskali mia nane ishirini na saba." Akageukia ukutani. "Kumbe hii yao inasoma za nje. Na kibati?"

"Kibati ni za ndani. Pauni moja ni kilopaskali saba, kasoro kidogo. Haya, mia saba gawa kwa saba?"

"Mia!" waliitikia wapiga pasi wote ishirini na wawili, na pasi zikawekwa chini.

Mwendesha boila akafungua valvu. Mvuke ukatoka ukipiga kelele mpaka sindano ikashuka kwenye mia, ikatulia.

"Nani kakuruhusu?" meneja alifoka.

"Jedwali la saba," alijibu Bi Kunyanzi. Kicheko kilichopigwa hapo kilifika hadi getini. Mashuka yakaisha kabla ya saa tisa, kwa mia ileile.

Jioni meneja alimwita mwendesha boila ofisini amsomee barua ya pongezi. Iliupongeza uongozi kwa uangalifu wake.

"Na ripoti ya mke wangu?"

"Faili lile lilishafungwa, mzee. Hilo hapo."

Akaweka kiganja juu ya faili. Sindano ikapanda hadi mia mbili hamsini, ikakaa palepale. Meneja aliitazama.

"Funga vifungo. Feni hii ina baridi."

Akafunga, akashuka. Wapiga pasi walikuwa wanatoka, mikoba begani, wakiimba jedwali la saba kama wimbo wa arusi. Akasimama mlangoni akiwahesabu. Walitimia ishirini na wawili.