Maji ya Paka wa Msusi

Mpiga pasi alikuwa ananyunyizia maji kola ya shati la mteja aliposikia kilio uani. Akaiweka pasi ya mkaa juu ya kigae, akamtupia jicho bintiye aliyejikunja kitandani akishika tumbo, akatoka.

Paka wa msusi, yule waliyemwita Bosi kwa kulala popote alipotaka, alikuwa amekufa, amekauka chini ya bomba. Hana jeraha, hana povu. Msusi alikuwa amepiga magoti, vidole vinang'aa mafuta ya nywele, na wapangaji wote walikuwa wamemzunguka.

"Pole, dada."

"Atakuwa ameumwa na nyoka," alisema fundi viatu.

"Nyoka gani kwenye saruji, baba?" mpangaji mwingine alidakia. "Kalishwa kitu huyu."

Mpiga pasi naye alitoa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli, maana Bosi alikuwa paka mstaarabu. Lakini wivu ulikuwa umeshamwingia. Binti yake alikuwa anaharisha wiki nenda wiki rudi, na hakuna aliyekuja kumzunguka. Kila alipokwenda kumwomba bwana afya aje ayatazame maji ya bomba, yaliyokuwa yakinuka mtaro, aliambiwa gari halina mafuta. Mara bwana afya yuko semina. Mara ya mwisho karani alimwambia amkataze mtoto kula ovyo.

Msusi alipiga simu moja tu. Mke wa bwana afya alikuwa mteja wake, husukwa pale kila akiwa na shughuli. Mkaa wa pasi haujapoa, bwana afya akaingia uani, tena kwa mguu. Kumbe ana miguu, mpiga pasi aliwaza.

Bwana afya alivaa glavu, akamgeuza paka upande huu na upande ule, taratibu, kama anayemvua nguo mgonjwa.

"Mzee, na haya maji je?" mpiga pasi alimuuliza. "Mwanangu ana..."

"Nimekuja kwa paka, mama. Mtoto mpeleke zahanati."

"Nilimpeleka. Wakasema mwenye kupima maji ni wewe."

"Basi fuata utaratibu." Akamgeukia msusi. "Dada yangu, alikuwa anakunywa wapi?"

"Kwangu. Maziwa, na maji ya kuchemsha. Mimi simpi ya bomba."

Mpiga pasi alihisi moyo unamchoma. Ya kuchemsha! Mkaa wake yeye ulikuwa wa pasi. Akichemshia maji, shati la nani litanyooka, na binti atakula nini? Bwana afya alikuwa ameshaanza kuvua glavu.

"Alikunywa kwangu," mpiga pasi alisema.

Wapangaji wote wakamgeukia.

"Asubuhi hii. Kwenye ndoo yangu, maji ya bomba hili. Nilimwona."

Hakuwa amemwona. Bosi hakuwahi hata kuvuka kizingiti chake.

Msusi aliinua uso polepole. "Kwa hiyo ni wewe."

"Sijui. Wayapime."

"Siku zote ulikuwa unamwonea kijicho paka wangu. Nilikuwa nakuona."

"Nilimwonea," alijibu mpiga pasi. "Mpaka sasa namwonea."

"Basi zile nguo za wateja wangu za kupiga pasi sikuletei tena. Usije ukazitia sumu na zenyewe."

Fundi viatu, ambaye chumba chake kimepakana na cha mpiga pasi, alisogea akasimama upande wa msusi. Wengine wakamfuata.

Bwana afya alizirudisha glavu mikononi, akatoa chupa mfukoni, akaingia chumbani kwa mpiga pasi, akachota maji ndooni mbele ya kitanda cha yule mtoto bila kumtazama. Akabandika karatasi kwenye chupa, akatoa kalamu. *Paka wa msusi*, alianza kuandika.

"Andika na mtoto," mpiga pasi alisema.

"Karatasi ni ndogo, mama."

Chupa ilikuwa inamteleza bwana afya kwenye glavu. Mpiga pasi aliishika kwa mikono miwili, akaituliza, ili mwandiko usomeke.