Sikio la Upande wa Jua

Nilipofika kwa mdogo wangu safari hiyo, na begi langu ambalo yeye hulitazama kabla hajanitazama mimi, nilimkuta barazani amejianika. Kakaa kwenye kigoda, sketi kaipandisha hadi magotini, mikono kainyoosha mbele kama mtu anayesubiri kupakwa hina.

"Unakausha nini?" nikamuuliza.

"Mifupa," akasema. "Shikamoo, kaka. Begi dogo hilo. Unapita tu?"

"Marahaba. Nakaa mpaka mnichoke."

"Hujawahi kutupa nafasi ya kukuchoka."

Alijaribu kuinuka kunipokea, akashika ukuta, akakunja uso, akakaa tena. Ndipo nikaelezwa. Mdogo wangu anafua mashuka katika hoteli kubwa. Chumba chao cha kufulia kiko chini ya ardhi, hakuna hata tundu la dirisha. Anatoka nyumbani jua halijachomoza na kurudi limeshazama, na siku yake ya mapumziko huwa anailala. Mwaka mzima mapaja yalimuuma, mgongo ukamuuma, akawa anapanda ngazi kama bibi yetu marehemu. Hospitali wakampima damu, wakamwambia vitamini D imemwishia, ile ambayo mwili huitengeneza kwa jua na ambayo mifupa haiwezi kukaa bila yake. Wakampa vidonge. Wakamwambia pia siku za mapumziko atoke nje, mikono na miguu ipate jua.

"Na mimi niko hapa nakunywa dozi yangu," ikasema sauti upande wa pili wa baraza. "Karibu, shemeji. Tuko wagonjwa wawili, dawa moja, na haina foleni."

Huyo ndiye mume wake. Mtaa mzima unamwita Mkasi, kwa sababu ya kazi yake ya kushona na kwa sababu ya ulimi wake. Alizaliwa na ualbino. Macho yake hayaoni mbali, na akitunga uzi pua yake hugusa sindano. Cherehani yake ameiweka pembeni mwa baraza, kaielekeza kaskazini ili mwanga utoke kushoto na kivuli cha mkono kisiangukie mshono. Mafundi wengi hukaa hivyo. Baraza lenyewe linatazama machweo. Asubuhi nyumba humpa kivuli, lakini mchana ukishapinduka jua huingia chini ya paa taratibu, likapanda miguu ya cherehani, likapanda kitambaa, likamfikia yeye. Hapo amekaa tangu waoane.

Nilimpa mkono, nikaona miwani yake. Mguu wa kushoto wa ile miwani, ule unaopita juu ya sikio, alikuwa ameuviringishia uzi mweupe mpaka ukanenepa.

"Miwani imevaa soksi?"

"Inanila sikio," akasema. "Imenitoboa kidonda."

Akageuza kichwa. Juu kabisa ya sikio, kwenye ukingo, palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifungo cha shati, kina kigaga katikati, kando zake zimeinuka.

"Tangu lini?"

"Tangu miwani mpya."

"Miwani mpya ni ya mwaka juzi," mdogo wangu akadakia. "Kila asubuhi nafua foronya ina damu. Mimi niache madoa ya hoteli, nije nikutane na ya nyumbani."

Niliwahi kufanya kibarua cha kumwaga lami na mwenzetu mmoja mwenye ualbino, mchapakazi, mcheshi. Alikuwa na kidonda mdomoni, akisema ni sigara. Akaacha sigara, kidonda hakikumwacha. Tulimzika kabla barabara haijaisha. Lakini mtu hafiki na begi mkononi, hajanywa hata maji, akaanza kumtajia mwenyeji wake kifo.

Nikasema kesho yake, tukinywa chai. Nikamsimulia habari za yule mwenzangu, yote, bila kuzungusha.

Mkasi akacheka. "Shemeji, wewe umetembea sana, umeona mengi, ndiyo maana kila kitu kinakukumbusha maiti. Huyo alikuwa kwenye lami, jua la utosi. Mimi nina paa. Halafu muulize dada yako, daktari kasema nini? Jua ni dawa. Si mimi, ni daktari!"

Hilo ndilo lililokuwa limemponza. Zamani alau alikuwa akijifunga kitambaa kichwani jua likizidi. Tangu mkewe alipoambiwa aote jua, alikivua, akavuta na kiti mbele kidogo ili wakae sambamba. Wao wawili hawakuwa wamewahi kukaa pamoja mchana wa jua. Sasa siku moja kila wiki walikuwa wanakaa, wanasengenya wapita njia, na Mkasi alikuwa na furaha kama mtoto aliyeruhusiwa kuchelewa kulala. Nani angetaka kumwambia kuwa furaha hiyo ndiyo inayomla?

Aliyemwambia ni mkewe, na hakupanga. Siku ya mapumziko iliyofuata alimvua miwani aisafishe, maana ilikuwa imejaa vumbi la nyuzi. Akaifuta. Akaanza kuufungua ule uzi aufue. Halafu akatulia. Mtu anayetafuta madoa kutwa ana namna yake ya kutazama. Akamrudishia mumewe miwani usoni, akaitoa, akamrudishia tena.

"Unanijaribishia kofia?" Mkasi akauliza.

"Nyamaza kidogo. Huu mguu unakaa huku nyuma, kwenye mfereji. Kidonda kiko huku juu. Havigusani."

"Vinagusana nikiinama."

"Haya, inama."

Akainama. Havikugusana.

"Na kitu kingine," mdogo wangu akasema, sauti imeshuka. "Miwani ina miguu miwili, Mkasi. Huu wa kulia mbona haujakutoboa?"

Jua lilikuwa limeshaingia barazani. Lilikuwa limekaa juu ya shavu lake la kushoto, shingo upande wa kushoto, sikio la kushoto. Upande ule ngozi ilikuwa imekunjamana na kutapakaa madoa ya kahawia. Upande wa kulia alikuwa kijana. Nimemfahamu miaka yote hiyo, na sikuwahi kuona kuwa ana nyuso mbili.

Mguu wake ulikuwa bado juu ya pedali, haukanyagi.

"Najua mnachotaka," akasema mwishowe. "Mnataka niingie ndani."

"Nani kasema uingie ndani?"

"Hicho ndicho kinachofuata! Mama yangu alinifungia ndani mpaka nikaota ndevu. Jua litakuunguza, watu watakusema, kaa ndani. Wenzangu nilikuwa nawajua kwa sauti. Siku nilipotoa cherehani nikaiweka hapa, mtu wa kwanza kupita akasema, habari za kazi, fundi. Sikujibu, nilidhani anamsalimia mtu mwingine! Sirudi ndani. Kama ni kunikata, nikateni nikiwa hapa."

Mimi nilitazama viatu vyangu. Mtu nisiyeweza kulala chumba kimoja miezi miwili, nitamfundisha nani kukaa ndani?

"Mimi sikutaki ndani," mdogo wangu akasema. "Nakutaka hai. Huyo daktari alikuwa anasema na mimi, hakusema na wewe. Mbona vidonge vyangu vya mgongo hunywi? Kwa nini jua langu ndilo unywe?"

Akataka kujibu, Mkasi wa watu, ulimi wote ule. Badala yake akauliza hospitali inafunguliwa saa ngapi.

Hospitali tulikwenda watatu. Daktari wa ngozi alikuwa binti mdogo, kavaa viatu vya mpira, akamwita Mkasi baba. Alilitazama sikio kwa kioo chenye taa, akashuka shingoni, akamminyaminya chini ya taya kutafuta matezi. Akasema kwa macho yake inaelekea ni saratani ya ngozi, ila maabara ndiyo itakayosema. Kinachotakiwa ni kukikata kidonda chote pamoja na nyama kidogo ya pembeni, mapema, kabla hakijasafiri. Matezi hakuyakuta yamevimba.

"Nikuulize, mwanangu," Mkasi akasema. "Mke wangu mnamwambia aote jua. Mimi mnaniambia nilikimbie. Hospitali moja, midomo miwili?"

Binti yule hakukasirika. Nitaeleza kama nilivyoelewa, mimi niliyesoma darasa hili huku na lile kule. Alisema ile rangi ya ngozi ya mkewe ni kama pazia. Inazuia jua lisiunguze, lakini inazuia pia kazi ya kutengeneza vitamini, kwa hiyo inahitaji muda mrefu zaidi, na yeye muda huo hana kwa sababu anaishi chini ya ardhi. Ngozi ya Mkasi haina pazia. Mwanga kidogo tu unaitosha, na hapohapo unaanza kuidhuru. "Tutapima damu yako pia," akasema. "Ikipungua tutakupa vidonge. Vitamini unaweza kuinywa, baba. Ngozi nyingine sina ya kukupa."

"Lakini mimi nakaa barazani. Kuna paa."

"Linatazama wapi?"

"Machweo."

"Basi kila alasiri umekaa juani. Na ukuta wa mbele una rangi gani?"

"Mweupe," mdogo wangu akajibu.

"Huo nao unakurushia mwanga wa jua."

Asubuhi yake nilisikia cherehani mapema kuliko kawaida. Mkasi alikuwa ameyatoa mapazia ya hoteli, yale mazito ya bluu iliyoiva ambayo hoteli iliyatupa na mkewe akayabeba, na ambayo siku zote alisema hayafai hata kwa gunia. Anayaunganisha.

"Shemeji," akaniita, "wewe uliyelala kwenye mahema nusu ya maisha, kamba inafungwaje isilegee?"

Tukalitundika pazia upande wa magharibi wa baraza, kuanzia paani hadi chini. Pakawa giza. Akakaa nyuma yake dakika chache, akatoka, akamwita mkewe. "Simama barabarani." Akapima kwa mkono usawa wa uso wake akiwa amekaa, akachukua chaki, akachora mraba, akakata. Akautia pindo, akaushonea kifuniko chenye kifungo. Lilikuwa dirisha, safi kama mfuko wa koti.

"Sasa habari za kazi zitapita hapa," akasema.

Walimkata wiki iliyofuata, kwa ganzi, macho wazi. Alirudi na bendeji, na chini yake ukingo wa juu wa sikio haukuwepo. Miwani ikawa inaserereka upande. Akaishonea mpira wa suruali ya ndani, ikakaa. "Nikikuudhi sasa," akamwambia mkewe, "jua kwamba nimesikia nusu tu."

Majibu yalichukua muda. Siku hizo hakutania sana. Alishona kofia, pana, yake ya kwanza, akaikosea, akaifumua, akaanza upya. Mimi begi langu lilikuwa tayari mlangoni, lakini nilingoja. Majibu yalipotoka, ilikuwa saratani kweli, na kando za kile kipande zilikuwa safi. Imetoka yote. Kuna madoa mawili shingoni ya kuangaliwa, na kliniki itakuwa ya kurudi na kurudi, maisha yote. Mdogo wangu alilia pale pale kwenye benchi. Mkasi alimshika bega, akamwambia watu wanatazama, na kwa mara ya kwanza nilimwona hajali wanamtazama nani.

Siku ya kuondoka kwangu ilikuwa ya mapumziko. Mdogo wangu alikuwa kwenye kigoda chake, nje ya pazia, miguu juani, na alisimama kuniaga bila kushika ukuta. Mkasi alikuwa upande wa ndani anamalizia suruali ya mtu, dirisha limefunguliwa, muuza ndoo amesimama hapo anabishana naye kuhusu bei ya kutia zipu. Jua likaanza kuingia kwenye ule mraba, likagusa meza ya cherehani. Nikamtazama mdogo wangu. Naye alikuwa ameliona, amefungua mdomo kusema.

Hakuwahi. Mkono mweupe ulitokea, ukateremsha kifuniko, ukafunga kifungo. "Usidhani nimeshindwa," sauti ikaendelea nyuma ya pazia, "nakusikia vizuri tu. Bei ni ileile."