Namba Iliyomeza Sauti ya Mama

Walimwita Profesa, si kwa elimu aliyonayo bali kwa ile aliyoikimbia. Alisoma hesabu chuo kikuu hadi mwaka wa pili, akaona yatosha, akafungua kibanda cha kutengeneza kompyuta ubavuni mwa duka la dada yake fundi cherehani. Utani wake haukuwa na likizo. Zawadi yoyote ya dada lazima aifunge kwa fumbo. Dada ahangaike, amtukane, aifungue, wacheke.

Mama yao alipofariki aliacha rekodi za sauti yake, maneno aliyowasemea wanawe akiwa kitandani anaumwa. Dada hakuwa na moyo wa kuzisikiliza.

"Nitunzie," alisema. "Moyo ukitulia nitakuomba."

Profesa akawaza, tumelia mpaka basi, ngoja nimchekeshe. Akaiamuru kompyuta ichague namba tasa mbili, zile ngumu zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, izizidishe, jibu liwe kufuli la rekodi. Ufunguo ni hizo mbili. Akazifuta ili dada asichungulie. Na rekodi ambazo hazijafungwa, akafuta.

Wala hakukurupuka. Alianza na kufuli la majaribio, namba ya tarakimu thelathini, kompyuta ikaipasua na kutoa namba zake mbili kabla hajapuliza chai. Basi hili la mama akalifanya la tarakimu mia tatu, akijiambia: ndefu mara kumi, muda mara kumi, sanasana chai itapoa. Somo linaloeleza kwa nini sivyo lilikuwa la mwaka wa tatu.

Miezi ikapita, kompyuta ikizitafuta zile namba mbili, feni yake ikivuma kama mgonjwa wa pumu. Mchana mmoja dada akaingia, mkanda wa kupimia shingoni, uzi umemganda begani.

"Profesa, moyo umetulia. Nipe mama."

"Bado kidogo."

"Bado nini? Fumbo lako mwenyewe limekushinda?"

Akamgeuzia skrini. Namba imejaa juu hadi chini. Dada akaikodolea macho.

"Hii haigawanyiki?"

"Inagawanyika, dada. Hilo nina uhakika nalo. Ila kwa namba zipi mbili, ndiyo sijui."

"Jaribu mbili."

"Inaishia na saba. Mbili haiingii, tano haiingii."

"Tatu?"

"Nimejumlisha tarakimu zote. Jumla haigawanyiki kwa tatu, basi na yenyewe haigawanyiki."

"Kumi na tatu, je? Wewe mvivu tangu utoto."

"Nimeshapita mabilioni." Akaushika mkanda shingoni mwa dada. "Andika tarakimu moja kwenye kila sentimita, mwanzo hadi mwisho. Hiyo ndiyo namba moja kati ya zile mbili. Sasa itafute."

"Nunua kompyuta kubwa."

"Hata kubwa kuliko zote. Kila tarakimu unayoongeza haiongezi kazi, inaizidisha. Tutazikwa sisi, watazikwa wanao, nayo bado inahesabu."

Dada akakaa juu ya boksi la printa. Hakupiga kelele, angepiga ingekuwa nafuu.

"Nakala nyingine?"

"Hakuna."

"Mzaha mzaha," alisema, "hutunga usaha." Akang'oa ule uzi begani, akauviringisha kidoleni. "Na mimi nilikuwa namweka akiba."

Profesa akairudisha skrini upande wake.

"Basi niigizie," dada akasema. "Si ulikuwa unaniita kwa sauti ya mama, mpaka naitika?"

Akakohoa. Akaita kama mama alivyokuwa akiita akiwa jikoni. Dada alikuwa amefumba macho.

"Siyo."

Akashusha sauti, akaipitisha puani, akaita tena.

"Siyo. Alikuwa anavuta pale mwisho."

"Anavuta vipi?"

Dada akafungua mdomo ili amwonyeshe. Akaufunga.