Maji ya Lori la Fazal

Mwaka wa 1951, wiki chache kabla ya masika, lori la Fazal lilianza kupoteza maji, na hakuna aliyejua maji hayo yanakwenda wapi.

Fazal alikuwa na duka Kibiti, akinunua mpunga na ufuta Ikwiriri. Aliyemletea magunia ni dereva wake, Mtoro, Mmatumbi aliyejifunza udereva jeshini wakati wa vita. Safari iliyokuwa ikimalizika kabla ya adhuhuri sasa ilimchukua mpaka alasiri. Njiani rejeta inaanza kufoka mvuke. Anasimama, anangoja injini ipoe, kisha anachukua debe na kwenda kuomba maji visimani kwa watu.

Alikuwa amelikagua mwenyewe. Rejeta haikuwa na tundu. Mipira ya maji aliibinya kwa vidole urefu wake wote, ilikuwa mizima. Pampu ilikuwa kavu. Hata mafuta ya injini aliyachungulia, aone kama yamechanganyika na maji, yalikuwa safi. Na kila asubuhi, uani kwa Fazal, mchanga chini ya lori ulikuwa mkavu.

"Gari linavuja na chini pakavu," Fazal alisema siku moja, amechuchumaa kando ya gurudumu. "Mimi si fundi, Mtoro, lakini hilo silielewi. Au unayamwaga mwenyewe, upate sababu ya kusimama?"

"Nisimame nifanye nini, bwana?"

"Upakie ufuta wa watu wengine. Mimi niko dukani, nitajuaje?"

Maneno yale yalimkaa Mtoro rohoni. Dereva akishashtakiwa kwa Bwana Shauri, ofisa wa serikali kule Utete, leseni inaweza kwenda, na bila leseni angerudi milimani kwao kulima. Kama si yeye anayemwaga maji, basi yuko mtu. Ndipo akaanza kumfikiria Sikujua.

Sikujua alikuwa mlinzi wa ua. Alilala hatua tano kutoka kwenye lori. Mpwa wake alikuwa amepata leseni Dar es Salaam juzijuzi, na hakuwa na kazi. Chini ya rejeta kuna koki ya kumwagia maji; mtu akiweka ndoo na kuifungua kidogo, mchanga haulowi. Na Sikujua alikuwa na ndoo. Kila Mtoro alipoyapanga mambo haya yalikaa sawa, na kila mzee yule alipomsalimia, Mtoro alisikia kitu kingine ndani ya salamu.

Jioni moja akaifunga koki kwa waya, akauzungusha mara tatu na kuupinda mwisho wake kushoto. Asubuhi waya ulikuwa vilevile alivyouacha, lakini maji yalikuwa yamepungua. Mtu mwingine angeona hapo kwamba koki haina kosa. Mtoro aliona kwamba Sikujua ana mikono hodari.

Ijumaa, watu walipotoka kuswali, akamkabili kwenye baraza ya msikiti.

"Mzee Sikujua, maji ya lori unayamwagia wapi?"

Sikujua alimtazama kama aliyesikia vibaya. "Maji gani, mwanangu?"

"Unataka niachishwe, mpwa wako ashike usukani. Sema hapa, wote wasikie."

Habari zikafika dukani. Kabla ya magharibi Fazal alikuwa amemwachisha mzee kazi. Sikujua akakunja jamvi lake, akachukua ndoo yake, akaenda shambani kwa kaka yake, kijijini Mtunda.

Jumatatu alfajiri Mtoro alifungua kifuniko cha rejeta. Maji yalikuwa yamepungua.

Alisimama na kifuniko mkononi. Uani hapakuwa na mtu mwingine. Badala ya kwenda kumwambia Fazal, alichota maji pipani upesi akajaza, kabla dirisha la Fazal halijafunguliwa. Jumanne akafanya vilevile. Jumatano alikuwa ameinamisha debe aliposikia sauti nyuma yake.

"Mlinzi hayupo. Leo nani kamwaga?"

Fazal alinyoosha mkono, na Mtoro akampa ufunguo. "Jumamosi naandika barua Utete," Fazal alisema. "Kama una la kuniambia, niambie kabla."

Nyumbani mkewe, Semeni, alikuwa akipepeta mchele. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Baba Biasha, ulimwona mzee Sikujua akifungua koki?"

"Nani mwingine angeweza..."

"Sikukuuliza nani mwingine. Ulimwona?"

"Sikumwona."

Semeni akaweka ungo chini. "Basi na mimi nikwambie langu. Ulipoanza kuchelewa, nilidhani una mwanamke huko njiani. Nimenusa mashati yako mwezi mzima."

Mtoro alimkodolea macho. "Ukanusa nini?"

"Kutu. Kutu iliyochemka, kama sufuria kuukuu iliyosahaulika motoni. Kwa hiyo maji yanatoka, na yanatoka likiwa na moto. Wewe unalikagua lini?"

"Asubuhi. Likiwa limepoa."

Semeni alizaliwa Maparoni, na baba yake alikuwa mchonga mitumbwi. Mtumbwi ukivuja na ufa usionekane, alisema, baba yake haendi kwa kubahatisha. Anaukausha, anaupaka majivu nje kote, kisha anautia maji ndani na kungoja. Majivu yanapogeuka rangi, ndipo penye ufa.

Asubuhi yake walikwenda wote wawili kwa Fazal, Semeni na kifuu cha majivu mkononi. Fazal aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta kujua wamepanga nini.

"Nitakupa ufunguo," akasema mwishowe, "lakini sitoki hapa."

Mtoro akaipangusa injini kwa kitambaa mpaka ikakauka. Semeni akanyunyiza majivu kila pahala mkono wake ulipofika, akapuliza mengine nyuma ya mabomba. Injini ikawashwa, ikanguruma hadi ikapata moto hasa, kisha ikazimwa. Wakainama wote watatu. Mbele, kwenye rejeta na pampu, majivu yalikuwa meupe. Upande wa kulia, meupe.

"Sikilizeni," Semeni alisema.

Palikuwa na sauti ndogo, tss, ikakatika, tss tena, kama tone linaloangukia kikaangio. Ilitoka upande wa kushoto, nyuma ya bomba la moshi, mahali ambapo jicho halifiki. Fazal mwenyewe alikwenda kuleta kioo chake cha kunyolea. Mtoro akakiingiza nyuma ya bomba, akaona majivu yamegeuka matope mekundu, na katikati yake kizibo cha bati, duara ndogo inayoziba tundu la ubavuni mwa injini. Kutu ilikuwa imekitoboa. Injini ikipata moto bati linatanuka, ufa unafunguka, maji yanadondokea bomba na kugeuka mvuke kabla ya kufika chini. Ikizimwa jioni inaendelea kuvuja mpaka ipoe, kisha ufa unajifunga.

Fazal naye akachungulia kile kioo. "Kwa hiyo nililisimamia kila asubuhi," alisema, "likiwa limeshajifunga."

Kizibo cha namna ile hakikupatikana Kibiti, na mvua zilikuwa zinakaribia. Fazal akatoa stoo sahani ya shaba ya mizani iliyovunjika. Mtoro akamwaga maji, akafungua nati za bomba la moshi, akang'oa kile kizibo kwa patasi na kukwangua ukingo mpaka chuma kikang'aa. Akakata duara katika sahani, pale ilipobonyea, akaipaka rangi nzito ya mabati pembeni, akaiweka tunduni mgongo ukiwa nje. Kisha akaipiga nyundo katikati mara moja, kwa nguvu. Shaba ikalala, ikatanuka, ikabana pande zote. Wakaiacha ikauke usiku kucha. Ijumaa asubuhi alikwenda Ikwiriri na kurudi bila kushusha debe hata mara moja.

Njiani alisimama Mtunda. Sikujua alikuwa akipalilia mihogo, na hakuacha jembe.

"Mzee wangu, nimekukosea. Kilikuwa kizibo. Fazal anasema urudi kazini."

"Wewe unasemaje?"

"Nasema unisamehe."

Sikujua akang'oa gugu, akalikung'uta udongo. "Hapa tupo wawili na mihogo. Siku ile tulikuwa wangapi?"

Mtoro akaelewa. Ijumaa ileile, baada ya swala, alisimama kwenye baraza ya msikiti. Alisema alimsingizia mtu, akaeleza habari ya kizibo, na akaeleza pia jinsi alivyojaza maji kwa siri kwa siku mbili, akiwa ameshajua kwamba mzee hana kosa. Hilo la mwisho hakuna aliyemtaka aliseme.

Sikujua alikuwa amekuja, amekaa nyuma karibu na birika la udhu. Watu wakageuka kumtazama. Akajikongoja mpaka kwa Mtoro, akampa mkono.

"Nimesikia," alisema. "Kwa Fazal sirudi. Lakini nimesikia."

Akavaa viatu vyake, akashika njia ya Mtunda kwa miguu. Mtoro alimwita, akamwambia lori liko pale, atamfikisha. Mzee alipunga mkono bila kugeuka, akaendelea na safari yake.