Mistari Tisa ya Kahawa

Saa nne asubuhi, katika kliniki ya macho huko Kijenge, Penina aliketi kwenye benchi na mama yake amemshikia mkoba. Alikuwa ametiwa matone ya kupanua mboni. Mama ndiye aliyemleta kutoka Maji ya Chai akimwongoza kwa mkono, na ndiye aliyekuwa akimwambia mwaka mzima, "Ni macho yako, mwanangu."

Maana Penina alikuwa akilalamika kwamba kahawa yake inapungua. Marehemu baba alimwachia mistari kumi na mmoja, akapanda mimea ya masale kati yake na shamba la Kaanaeli, kaka yake Penina, kama mipaka ya Umeruni inavyopandwa. Siku moja akahesabu tisa. Kaanaeli akacheka, akasema dada siku hizi hata kuku anawahesabu vibaya. Jicho la kulia lilikuwa limefifia kweli, basi Penina akaanza kujitilia shaka mwenyewe, na hilo ndilo lililokuja kumuuma zaidi.

Daktari Agnela alimchoma mkononi sindano ya rangi ya njano, akasubiri ipande, akapiga picha nyuma ya jicho. Mishipa midogo ya damu ilikuwa imevimba na inavuja, ugonjwa adimu ambao alikuwa ameuona mara mbili tu tangu aanze kazi. Chini ya mishipa hiyo palikuwa na shamba. Mwanamume alikuwa anang'oa masale na kuyapanda upya hatua nne ndani ya kahawa, na mwanamke mwenye kitenge cha maua mekundu alikuwa amemshikia miche. Daktari aliyaandika yote kwenye faili, kisha akawageuzia kompyuta.

"Jicho linaumwa," alisema, "ila limeona sawasawa."

Kitenge Penina alikitambua upesi, kwa sababu alikinunua yeye, zawadi ya Krismasi kwa mama. Mama naye alitazama. Hakukana. Aliuweka mkoba vizuri mapajani.

"Daktari wa kwanza alituambia utapofuka," alisema. "Tukaona, shamba la nini kwa mtu asiyeona? Na leo si nimekuleta?"

Penina aliuchukua mkoba wake.

Leza ilipigwa wiki ileile, kisha mara mbili tena. Mishipa ikafungwa mmoja mmoja, maji yakakauka, nuru ikarudi. Wale watu wawili walibaki kwenye kila picha. Daktari alieleza kwamba leza haigusi vitu vya namna hiyo.

Jumapili moja baada ya ibada, Kaanaeli alikuja na wazee wawili wa ukoo, ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Anayeletewa jani hilo husamehe, halirudishwi. Wazee walipokezana picha ya kliniki, wakaisifu kwa kuwa safi, wakakubaliana kwamba kosa lipo. Halafu wakasema masale yameshashika mizizi, yaachwe yalipo.

Penina alilipokea jani kwa mikono miwili.

"Sasa unaona vizuri?" mama aliuliza.

"Naona, mama."

Aliona kweli. Kutoka pale barazani aliuona mpaka mpya mmea kwa mmea, na kwenye mmea wa tatu aliona kovu bichi, mahali Kaanaeli alipolichuma lile jani.